Nani Alifungue Faili Hili?

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, mambo vipi. Nimepewa dakika ishirini na nimeonywa kwamba umeme wa hapa hauaminiki, kwa hiyo salamu ndefu tutapeana wakati wa chai.

Niwapeleke stesheneri. Miaka michache iliyopita nilikuwa namsaidia ndugu yangu kwenye duka lake la kuprinti na kutoa kopi. Kompyuta yake ilikuwa kuukuu, RAM ya GB 2, nikaiwekea mfumo endeshi wa Linux wenye mazingira mepesi ya XFCE, yaani madirisha na menyu unazozibofya. Ikaenda vizuri mpaka siku niliyoongeza programu ya kuhariri picha, tupate kutengeneza pasipoti saizi. Kesho yake akaja mama mmoja na flashi, ana barua ya kurasa tatu ya PDF. Nikabofya mara mbili. Likatokea dirisha linaniuliza nataka kuingiza ukurasa upi, na kwa upana wa piseli ngapi. Nikafunga, nikabofya tena. Lilelile. Mama akasogea: "Mwanangu, hujaiharibu kweli?"

Barua ilikuwa salama kabisa. Aliyebadilika ni mfunguaji. Nililijua hilo jioni, mama akiwa ameshakwenda kuprinti duka la jirani.

Tuanze na kinachotokea unapobofya. Mazingira ya kompyuta yako, yawe GNOME, KDE au XFCE, hufanya kazi ya mshenga. Kwanza huuliza: hiki ni kitu cha aina gani? Kisha: nani amekabidhiwa aina hii? Ukiyachanganya maswali hayo mawili utahangaika usiku kucha, maana dawa ya moja haitibu lingine.

Aina huandikwa kwa lugha ya MIME: application/pdf, image/png, text/plain. Lugha hiyo ilizaliwa kwenye barua pepe. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walichapisha kanuni zake ili barua iweze kubeba picha na sauti, na anayepokea ajue amepokea nini. Kompyuta za mezani zikaiazima.

Hapa kuna jambo linalosemwa sana vijiweni: kwamba Linux haijali kiendelezi, zile herufi za mwisho wa jina kama .pdf, inatazama ndani ya faili. Si kweli hivyo. Amri iitwayo file ndiyo inayotazama ndani. Lakini unapobofya, mazingira ya mezani huanza na jina. Jina likiishia .pdf na hakuna aina nyingine inayoligombea, mjadala umekwisha. Ndani huchunguliwa pale jina linapokosa maana au linapogongana na jingine. Kanzu inaangaliwa kabla ya elimu ya shehe.

Ndiyo maana mtu akipiga cheti picha kwa simu, kisha akabadilisha jina kwa mkono liwe cheti.pdf kwa sababu fomu ilidai PDF, faili hupelekwa kwa kisoma-PDF, nacho hulikataa. Andika file cheti.pdf kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, utajibiwa "JPEG image data". Hapo hata ubadilishe programu mara kumi, hupati kitu. Rudisha jina lake la haki.

Sasa swali la pili. Programu nyingi, zinapoingia, huacha wasifu wake kwenye folda ya /usr/share/applications, faili linaloishia .desktop. Ndani yake kuna mstari MimeType=, na hapo programu hutaja kazi zote inazoziweza. Wengine ni wanyenyekevu. Wengine hujaza wasifu kama mwombaji kazi aliyekata tamaa: picha naweza, PDF naweza. Ile programu yetu ya picha haikudanganya, PDF inaiweza kweli, ila inaiingiza kama picha. Kwa kuwa sisi hatukuwa tumemteua mtu rasmi, mfumo ukachagua mmoja kati ya wote waliosema wanaweza. Ukamwangukia yeye.

Uteuzi rasmi unakaa kwenye ~/.config/mimeapps.list; hiyo ~ ni folda yako ya nyumbani. Ni maandishi ya kawaida, unaweza kuyasoma kwa kihariri chochote. Sehemu ya [Default Applications] ni walioteuliwa. [Added Associations] ni walioongezwa kwenye orodha ya wanaoweza. [Removed Associations] ni waliokatazwa hata kama wasifu wao unang'aa.

Kwa kipanya ni rahisi: bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua kulifungua kwa programu nyingine, teua unayoitaka, na usisahau kuwasha alama ya kuitumia daima kwa aina hiyo. KDE ina ukurasa mzima wa mambo haya kwenye mipangilio yake. Sitakaa hapo, mnaweza wenyewe.

Kwenye terminali ni maswali yetu mawili kwa mpangilio uleule:

xdg-mime query filetype barua.pdf
xdg-mime query default application/pdf

La kwanza litakujibu application/pdf. La pili litakutajia aliyekabidhiwa. Kumbadilisha, tuseme kazi tumpe Evince, kisoma-PDF cha GNOME:

xdg-mime default org.gnome.Evince.desktop application/pdf

Hizo herufi xdg zisiwatishe. Ni kifupi cha X Desktop Group, jina la zamani la freedesktop.org, mradi alioanzisha Havoc Pennington mwaka 2000 ili mazingira haya yote yakubaliane desturi badala ya kila nyumba kupika kwa sheria zake.

Tazameni vizuri ile E kubwa ya Evince. Jioni ile mimi niliandika evince kwa herufi ndogo. Amri haikulalamika hata kidogo. Ikaandika mstari wake kwenye mimeapps.list, ikanyamaza, na PDF zikaendelea kwenda kulekule. Nilipoteza saa nzima nikiwasha na kuzima kompyuta. Amri hii haihakiki kama uliyemteua yupo. Kwa hiyo kabla ya kuteua, orodhesha /usr/share/applications na unakili jina kama lilivyo. Firefox, kwa mfano, kwenye Ubuntu za siku hizi huja kwa snap, mfumo wa vifurushi vya programu, wasifu wake hukaa kwenye /var/lib/snapd/desktop/applications, na jina lake ni firefox_firefox.desktop. Nani angelibahatisha hilo?

Pia msitumie sudo, ile ya kuendesha amri kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine. Uteuzi ni wa kila mtumiaji peke yake, na ukiwa root unapanga mambo ya root. Mwalimu mwenye maabara anayetaka watumiaji wote waanze sawa aandike mistari yake kwenye /etc/xdg/mimeapps.list ya kila mashine. Mwanafunzi akichagua lake, la mwanafunzi ndilo litakalofuatwa.

Naona mkono. Ndiyo, dada.

Dada anasema kwake shida si mafaili: aliweka programu ya kuandikia msimbo, na sasa kivinjari kikimaliza kupakua kitu, akibofya kuona folda, folda inafunguka ndani ya programu hiyo. Swali zuri, maana folda nayo ina aina. Inaitwa inode/directory, na kuna programu zinazoiandika kwenye wasifu wao. Unatumia GNOME? Basi njoo mbele na laptopu yako, tuirudishe folda kwa Nautilus, kidhibiti mafaili cha GNOME; andika hapa:

xdg-mime default org.gnome.Nautilus.desktop inode/directory

N kubwa. Haya, rudi kwenye kivinjari, bofya tena.

Imefunguka? Wamuone na wa nyuma, geuza skrini kidogo.