Namna ya kurudisha nyasi za asili kwenye kiwanja chako

Hamjambo watazamaji, karibuni. Leo tuko Likoni, na safari hii hatupandi miti. Tunapanda nyasi. Najua kuna atakayeuliza, nyasi nazo zapandwa? Naam, zapandwa. Nenda Shimba Hills hapo Kwale ujionee: palahala, swala wenye pembe zilizopinda kama jambia, Kenya nzima wamebaki huko tu, na tegemeo lao ni nyanda za nyasi. Ndovu na moto ndio wanaozuia vichaka visizimeze. Kule Marekani mbuga za nyasi ndefu zililimwa kwa plau, na leo haijabaki hata asilimia 4. Kwa hivyo mahali pa nyasi, tafadhali usipajaze miti ukadhani umepaokoa.

Tuanze na mbegu. Usivune ndani ya hifadhi. Tafuta kando ya mashamba, umwombe mwenyewe ruhusa. Chagua suke lililokauka, ambalo ukilivuta taratibu mbegu zinakuja zenyewe.

Sogeza kamera hapa. Hii ni mbegu yenye mkia mrefu mweusi, zile zinazonasa kwenye suruali na kukuchoma mguuni. Naiweka kiganjani, natia tone la maji. Subiri kidogo. Haya, mwaona? Mkia unazunguka wenyewe! Mvua ikinyesha, ndivyo mbegu inavyojichimbia ardhini bila jembe la mtu.

Mbegu mbichi nyingi hazioti vizuri, kwa hiyo zitie kwenye mfuko wa karatasi, mahali pakavu, zikae miezi kadhaa. Mfuko wa plastiki hapana, zitaoza kwa joto letu hili.

Kabla ya masika, safisha kiwanja. Miche ya mwarobaini ing'oe na mizizi yake. Ndege wanaimwaga kila mahali, na ukiiacha, baada ya miaka michache huna nyasi, una kichaka. Samadi usitie. Rutuba nyingi hunufaisha magugu kwanza.

Sasa changanya mbegu na mchanga mkavu ili zitawanyike sawasawa, zimwage, pitisha reki juu juu, kisha kanyaga. Usizifukie sana.

Msimu wa kwanza magugu yatakutisha, maana nyasi hizi hutanguliza mizizi. Usikate tamaa, yafyeke juu ya vichwa vya miche kabla hayajatoa mbegu.

Zikishakomaa, kazi ni moja: kuzikata, kila mwaka mwisho wa kiangazi. Zisipokatwa, mabua makavu hurundikana, chipukizi hukosa jua na nyasi hujifia zenyewe. Huko porini moto ndio hufanya kazi hiyo, lakini mjini usithubutu kuwasha kiberiti, chukua fyekeo. Mwaka huu nusu hii, mwakani ile nyingine, ili vipepeo na panzi wasikose pa kujificha. Ulichokata kiondoe chote. Wenye mbuzi jirani watakuja kukichukua hata kabla hujawaita.