Bunduki Haizaliwi Haramu: Je, Kuandikisha Silaha Kunapunguza Uhalifu?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Vijana mliojazana huko nyuma mpaka mlangoni, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie swali moja: kuandikisha silaha kunapunguza uhalifu wa bunduki, au ni kuwasumbua bure watu waungwana? Mimi ni wakili wa mirathi. Siku zote nahangaika na mashamba, nyumba na ng'ombe wa marehemu. Lakini ni kwenye mirathi ndiko nilikojifunza habari za bunduki, tena mirathi yenyewe ilikuwa ya nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa na bunduki ya marisau, ya mtutu mmoja. Aliinunua kihalali kwa ajili ya nguruwe pori na nyani waliokuwa wakimaliza mahindi. Leseni aliiweka kwenye mkebe wa biskuti pamoja na stakabadhi zote za ada, zimefungwa kwa mpira. Alipofariki tulizika, tukasoma arobaini, ukoo ukakaa kikao, tukagawana shamba bila ugomvi. Bunduki haikutajwa na mtu. Ilikaa darini miezi 14, imeviringishwa kwenye kanga ya mama, risasi nane ziko ndani ya soksi pembeni yake. Wapwa zangu walijua ilipo. Mafundi waliokuja kubadilisha bati walijua. Serikali iliyoiandikisha ndiyo haikujua.

Siku nilipoipeleka kituoni, askari alifungua daftari kubwa la jalada gumu, akashuka na kidole mpaka kwenye jina la baba. Kwa mujibu wa daftari lile, baba alikuwa hai. Ada ilikuwa haijalipwa zaidi ya mwaka na hakuna aliyeuliza kulikoni. Kisha askari akaigeuza bunduki, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma namba iliyochongwa kwenye chuma. Akasoma na ya daftarini. Hazikulingana. Kwenye chuma kulikuwa na 1, daftarini 7. Kwa hiyo miaka yote ile bunduki iliyoandikishwa haikuwepo duniani, na iliyokuwepo haikuandikishwa. Laiti ingeibwa ikaenda kuua mtu, polisi wangeiokota, wangesoma namba, na njia ingeishia hapo hapo.

Nilirudi nyumbani sina amani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu jambo hili.

Nianze na hoja ya wanaopinga, maana si hoja ya kijinga. Wanasema jambazi haendi kuandikisha bunduki yake. Ni kweli, na kuna nchi ambako mahakama imelazimika kulikabili jambo hilo waziwazi. Mwaka 1968, katika kesi ya Haynes, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwamba mtu ambaye sheria inamkataza kuwa na silaha ya aina fulani hawezi kuadhibiwa kwa kutoiandikisha, kwa sababu kumtaka aiandikishe ni kumtaka ajishtaki mwenyewe. Bunge lao lilibidi liirekebishe sheria. Tazameni hilo vizuri: daftari linamwandika yule ambaye hatukumwogopa sana, na tunayemwogopa yuko nje ya daftari.

Takwimu nazo zinawaunga mkono. Taasisi ya Small Arms Survey ya Geneva ilikadiria kwamba mwishoni mwa 2017 raia wa dunia hii walikuwa na bunduki milioni 857, na zilizoandikishwa zilikuwa kama milioni 100 tu. Kwa jirani zetu Kenya makadirio yao yalikuwa bunduki 750,000 mikononi mwa raia, na zilizoandikishwa zilizidi kidogo 8,000. Mtu akiniambia kwamba kuhakiki hizo 8,000 ndiko kutakakoleta usingizi Baringo au Samburu, nami siwezi kumkubalia.

Lakini hoja hiyo ina tundu. Inazungumza kana kwamba kuna bunduki zilizozaliwa haramu. Ukiacha magobole yanayofuliwa vijijini, bunduki haizaliwi haramu. Imetoka kiwandani na namba, imeingia bandarini na karatasi, imekaa kwenye ghala la jeshi, la polisi, la kampuni ya ulinzi, au darini kwa mtu kama baba yangu. Halafu siku moja imevuka. Kuna mkono uliouza, ulioazima, uliofumba macho, au uliokufa bila kurithisha. Uhalifu wa bunduki unaanzia kwenye mkono huo, miaka mingi kabla ya jambazi kuvuta kifyatulio. Na kazi ya daftari ni kuutafuta mkono huo. Jambazi mwenyewe atatafutwa kwa njia nyingine.

Hapa niwapeleke Kanada, kwa sababu hakuna nchi iliyogombana kuhusu jambo hili kwa muda mrefu na kwa fedha nyingi kama wao. Tarehe 6 Desemba 1989, mtu mmoja aliingia chuo cha uhandisi cha École Polytechnique, Montreal, akawatenga wanawake na wanaume, akaua wanawake 14. Baada ya miaka ya madai ya familia zao, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1995 kwamba hata bunduki ndefu, za kuwindia na za shambani, ziandikishwe. Bastola zilikuwa zikiandikishwa tangu 1934. Serikali iliahidi kwamba ukitoa ada za wamiliki, mlipakodi atachangia dola milioni 2 tu. Mwaka 2002 mkaguzi mkuu wa hesabu, Sheila Fraser, aliliambia Bunge kwamba mpango huo wote utafika dola bilioni moja. Wakulima wa mikoa ya magharibi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mwaka 2012 serikali ya Stephen Harper iliifuta rejista ya bunduki ndefu na kuamuru kumbukumbu ziteketezwe. Quebec, mkoa ulikotokea msiba ule, ulienda mpaka mahakama ya juu kabisa kuomba upewe kumbukumbu zake, ukashindwa mwaka 2015 kwa kura 5 dhidi ya 4. Ukaamua kuanzisha rejista yake mwenyewe.

Sasa, je, uhalifu ulipungua? Mauaji ya bunduki Kanada yalishuka tangu miaka ya 1990, lakini yalikuwa yameanza kushuka kabla rejista haijakamilika. Rejista ilipofutwa yalipanda tena miaka iliyofuata. Watetezi wakashangilia: mnaona? Lakini zilizoongoza katika kuua zilikuwa bastola, na bastola hazikutoka kwenye rejista hata siku moja. Nyingi za mijini huvushwa kutoka Marekani. Mtu mkweli, wa upande wowote, hawezi kuchukua mistari hiyo miwili ya grafu akadai imethibitisha jambo.

Kinachonifundisha mimi Kanada ni kesi moja. Machi 3, 2005, karibu na mji mdogo wa Mayerthorpe, Alberta, mtu mmoja aliwavizia askari polisi wanne akawaua wote, kisha akajiua. Mhusika amekufa, kesi imekwisha, ungesema. Lakini alikutwa na raifo ambayo si yake. Ilikuwa imeandikishwa kwa jina la mzee mmoja, babu wa kijana wa eneo lile. Polisi walianzia kwa babu. Mwishowe kijana huyo na shemeji yake walikiri kwamba walimpa muuaji ile bunduki na kumsafirisha usiku ule hadi karibu na shamba. Walifungwa kwa kuua bila kukusudia.

Rejista haikuwaokoa askari wale wanne, na sitawaambia kwamba iliwaokoa. Ila iliwafikia waliompa muuaji bunduki. Na kila anayeazima bunduki ya babu kimyakimya akijua kwamba chuma kile kina jina, atafikiri mara mbili. Huo ndio upungufu wa uhalifu ninaouamini mimi: unakuja polepole, kwa kuwatia hofu wanaopitisha silaha.

Na kuna ushahidi wa Marekani unaoelekea huko huko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulifuatilia bunduki zilizokamatwa katika uhalifu kwenye miji 25. Katika miji ya majimbo yenye leseni ya mnunuzi pamoja na usajili wa silaha, kama theluthi moja tu ya bunduki hizo ziliuzwa mara ya kwanza ndani ya jimbo lile lile; nyingine zote zilitoka nje. Katika miji isiyo na leseni wala usajili, zilikuwa zaidi ya asilimia 80. Sikilizeni: leseni pamoja na usajili. Penye kimoja tu, matokeo yalikuwa hafifu. Leseni inampima mtu, usajili unaifuata silaha. Mtu aliyepimwa leo anaweza kuuza kesho, na bila daftari la silaha hakuna atakayejua.

Marekani yenyewe, kitaifa, imejikataza. Sheria ya 1986 inazuia serikali kuu kuwa na rejista ya bunduki za kawaida. Matokeo yake, kituo chao cha kufuatilia silaha, kilichopo Martinsburg, West Virginia, hupokea maombi zaidi ya nusu milioni kwa mwaka, na maofisa hupiga simu kiwandani, kisha kwa msambazaji, kisha dukani, kuuliza nani alinunua. Kumbukumbu za maduka yaliyofungwa huletwa hapo kwa maboksi, karatasi juu ya karatasi, nyingine zimelowa, mpaka mengine yaliwahi kuwekwa kwenye makontena nje kwa sababu ya uzito. Kisha mtu anakaa anapekua. Nchi iliyompeleka mtu mwezini inatafuta bastola ya muuaji kwa kupekua maboksi.

Turudi kwetu Tanzania sasa, maana hapa ndipo penye uchungu wangu. Sisi tunapoandikisha silaha, tunamtazama raia. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Mwombaji anaanzia mtaani, anapita kamati za ulinzi na usalama, anachunguzwa. Vizuri. Mwaka 2016 wamiliki waliitwa wapeleke silaha zikahakikiwe, na Septemba na Oktoba 2022 waliokuwa na silaha haramu walipewa msamaha wazisalimishe kwa hiari. Vizuri pia.

Lakini bunduki nyingi zinazoua katika ukanda huu hazikuvuja kwa raia. Mwaka 1979, Idi Amin alipokimbia mbele ya majeshi yetu, kambi ya Moroto iliachwa wazi, na Wakaramoja wakabeba silaha kwa wingi. Wizi wa ng'ombe uliokuwa wa mikuki ukawa wa bunduki za kivita, mpaka leo, mpaka ng'ambo ya mpaka kwa Waturkana na Wapokot. Mwaka 2008, Small Arms Survey hiyo hiyo ilichunguza risasi zilizokuwa zikizunguka kwa njia haramu Turkana Kaskazini ikakuta karibu nusu zimetoka kwenye akiba ya polisi. Na hapa Dar es Salaam, usiku wa Julai 12, 2015, majambazi walivamia kituo cha polisi cha Sitakishari, wakaua askari na raia, wakaondoka na bunduki za kituo. Siku chache baadaye polisi walitangaza kukamata bunduki zilizofichwa huko Mkuranga. Bunduki iliyofukuliwa ardhini haina cha kujieleza isipokuwa namba yake, na namba haina maana kama daftari ililomo halisomeki.

Itifaki ya Nairobi, iliyosainiwa Aprili 2004, inazitaka nchi zetu kuweka alama kwenye silaha, za serikali zikiwemo. Alama ikishachongwa lazima kuwe na mtu anayeisoma na kuiandika vilevile, si 7 mahali pa 1. Mimi ningependa rejista ya silaha izungumze na RITA, wakala wa serikali unaoandikisha vizazi na vifo: cheti cha kifo kikitolewa, jina likiwa na silaha, mtu aende nyumbani kwa marehemu ndani ya mwezi. Ningependa silaha iliyopotea kwenye ghala la umma itangazwe haraka kama ile iliyopotea kwa raia. Na boksi la risasi lifuatwe kama bunduki inavyofuatwa, kwa sababu bunduki bila risasi ni fimbo.

Wapo wanaoogopa kwamba orodha ikivuja majambazi wataitumia kujua nyumba ya kuvamia. Hofu hiyo ni ya haki. Jawabu lake ni kuilinda orodha, na atakayeivujisha afungwe.

Niliwaambia habari ya bunduki ya baba. Siku ile nilipewa karatasi ya kuipokea, yenye muhuri, na namba sahihi iliyosomwa kwenye chuma. Ninayo mpaka leo, iko kwenye mkebe ule ule wa biskuti. Mwaka jana nilipita kituoni kuuliza iko wapi. Askari alikuwa mwingine. Daftari lilikuwa jipya. Alitafuta kwa jina, akatafuta kwa namba yenye 1, akatafuta kwa namba yenye 7, kwa heshima na subira kabisa. Haikuwemo. Nimeandika barua mbili, na wiki ijayo napeleka ya tatu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mzee wangu pale mbele alinyoosha mkono muda mrefu, tuanze naye.