Aiskrimu ya Chokoleti kwa Tui la Nazi, Bila Tone la Maziwa

Assalam alaykum, na hamjambo nyote. Karibuni jikoni, hapa Tanga mjini. Leo tunatengeneza aiskrimu ya chokoleti isiyo na maziwa ya ng'ombe hata tone.

Najua Tanga ni mji wa maziwa na mtindi. Lakini nyumba nyingi yupo mtu ambaye akinywa glasi moja tu ya maziwa, tumbo linajaa gesi na choo kinamkimbiza, kwa sababu mwili wake hauisagi vizuri ile sukari ya maziwa inayoitwa laktosi. Wapo pia wenye mzio wa protini ya maziwa, na hao hata kijiko kilichochovya maziwa kinaweza kuwadhuru. Mtoto wa aina hiyo siku ya sherehe hukaa na soda yake huku wenzake wanalamba aiskrimu. Video hii nimemtengenezea yeye, na nataka apate aiskrimu tamu ya kweli, ambayo hata wanaokunywa maziwa wataomba waongezewe.

Haya, vitu vyetu. Nazi kubwa 4 zilizokomaa. Sukari gramu 150, yaani robo tatu ya kikombe. Unga wa kakao nusu kikombe. Chokoleti nyeusi gramu 100. Konfulawa kijiko 1 cha chakula kilichojaa. Iliki punje 4, chumvi robo kijiko cha chai, na vanila kijiko 1 cha chai. Kikombe ninachopimia ni cha mililita 250.

Kabla hatujaenda mbali, tuzungumze kuhusu kakao na chokoleti, kwani hapo ndipo maziwa hujipenyeza. Kakao tunayoitaka ni unga mtupu wa kakao, mchungu, usio na sukari. Yale makopo ya kinywaji cha chokoleti mengi yana sukari na maziwa ya unga ndani yake, kwa hiyo yaache. Kakao inalimwa hapa hapa nchini, Kyela mkoani Mbeya ndiko inakosifika zaidi, kwa hiyo ukipata unga wa nyumbani, chukua. Chokoleti nayo, hata ikiandikwa nyeusi, geuza pakiti usome viungo mpaka mwisho. Ukiona maziwa ya unga au mafuta ya maziwa, irudishe. Na kama unampikia mwenye mzio, soma na ile onyo ya chini kabisa inayosema huenda ina chembe za maziwa. Kwake yeye hiyo haifai.

Sasa nazi. Mimi nasema wazi: aiskrimu hii ni tui. Tui likiwa jepesi, utapata barafu ya rangi ya chokoleti, basi.

Unapochagua, tikisa nazi sikioni. Maji yacheze ndani. Tazama yale macho matatu, yawe makavu, yasiwe na ukungu. Ukishaivunja, onja maji yake kwanza. Yakiwa machachu, nazi hiyo weka kando, usiihurumie, maana ladha ya nazi iliyoharibika haifichwi na kakao wala sukari. Dafu na koroma havitufai leo, mafuta yake bado ni machache.

Ninakaa kwenye mbuzi, ninakuna. Sogea uone hapa: ninasimama nyama nyeupe inapoisha, siifikii ile ngozi ya kahawia. Kwa kuwa tunaweka chokoleti rangi haitatuumbua, lakini vipande vya ngozi hiyo vinakwaruza ulimi. Mwenye blenda akatekate nazi vipande vidogo asage, hakuna ubaya.

Natia maji ya uvuguvugu vikombe 2 tu. Uvuguvugu, kwa sababu mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na maji ya friji yataliacha tui kwenye chicha. Nafikicha kwa mkono dakika 3 au 4, halafu nakamua kwa kifumbu. Huna kifumbu, tumia kitambaa safi chepesi. Angalia linavyotoka, zito, jeupe, linashika vidole. Hili ni tui la kwanza, na ndilo pekee linaloingia kwenye aiskrimu. Tunahitaji vikombe 3. Tui la pili usilichanganye humu hata ukishawishika. Lipeleke kwenye wali au maharage.

Asiyepata nazi atumie tui la kopo. Asome asilimia ya mafuta, iwe 17 na kuendelea.

Twende jikoni. Chota nusu kikombe cha tui likiwa la baridi, koroga humo konfulawa mpaka madonge yaishe, weka pembeni. Kwenye sufuria, changanya kakao, sukari na chumvi zikiwa kavu. Sukari inaitawanya kakao isifanye madonge. Tia tui kidogo kidogo huku unakoroga, mpaka lote liishe. Iliki nimeitwanga kwenye kinu kidogo. Hii imetoka Amani, kule Usambara Mashariki, harufu yake imejaa jiko zima. Nayo inaingia sasa.

Moto uwe wa wastani, na mwiko usitoke mkononi. Wapishi wa Pwani mnajua tui likiachwa peke yake linakatika, mafuta yanapanda juu, maji yanabaki chini. Konfulawa itatusaidia kulishika, lakini mkono ndio unaofanya kazi. Likianza kutokota pembeni, mimina ule mchanganyiko wa konfulawa, endelea kukoroga dakika 2. Huo moto pia unaiamsha kakao. Harufu itabadilika, utaisikia.

Chovya mwiko, utoe, pitisha kidole mgongoni mwake. Umeona? Njia ya kidole imebaki, haikufunikwa. Hapo imeiva. Epua, tumbukiza chokoleti iliyokatwakatwa, iache dakika 1, koroga mpaka ing'ae. Malizia na vanila. Aliyekosa chokoleti aongeze kakao vijiko 3 vya chakula na sukari vijiko 2 tangu mwanzo.

Onja. Itakuwa tamu kupita unavyopenda, na ndivyo inavyotakiwa, maana ulimi ukishapigwa na baridi hauusikii utamu vizuri. Tena sukari ndiyo inayozuia maji yasigande yote. Ukiipunguza, unapunguza na ulaini, kesho utahangaika na kijiko.

Sufuria iingie kwenye beseni la maji baridi ipoe, kisha friji saa 4 au usiku kucha. Usiiharakishe kwenda friza ikiwa ya moto. Mchanganyiko uliopoa vizuri huganda haraka, na unaoganda haraka unatoa chembe ndogo za barafu, laini mdomoni.

Sasa kugandisha. Mwenye friza, mimina kwenye chombo kipana, kisicho na kina kirefu, funika. Baada ya dakika 45 kitoe. Kingo zimeshika, katikati bado maji. Kwangua kingo kwa uma, piga kwa nguvu mpaka ilainike tena, rudisha. Rudia kila dakika 30 hadi 40, mara 4 au 5. Kila ukipiga unavunja zile chembe za barafu na kuingiza hewa. Ikishindikana kukoroga kwa uzito, iache igande saa 3.

Asiye na friza, au mtaani kwake umeme unakatika kila jioni, nisikilize vizuri. Nunua barafu za mifuko, ziponde. Tandaza kwenye ndoo kubwa barafu na chumvi ya mawe, barafu kilo 3 kwa chumvi kilo 1. Chumvi tunayo tele, mashamba yake yapo Mkinga hapo. Barafu peke yake ipo kwenye nyuzi 0, ikipata chumvi inashuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri, hata zaidi. Zamisha humo sufuria ndefu yenye mfuniko, barafu iizunguke lakini isifikie mdomo wake, kwa sababu tone la maji ya chumvi likiingia kazi yote imeharibika. Shika mfuniko kwa kitambaa, zungusha sufuria huku na huku, na kila dakika 5 futa mfuniko vizuri, fungua, kwangua kingo kwa mwiko. Nusu saa hadi dakika 40 inashika. Hapo inakuwa laini, ya kuliwa pale pale. Watoto wape zamu ya kuzungusha, wanaipenda kazi hiyo, ila mikono isiingie kwenye barafu ya chumvi, inaunguza ngozi.

Ya friza ikiwa ngumu, itoe dakika 5 kabla ya kuipakua. Kwa joto letu zinatosha. Mimi nainyunyizia nazi iliyokaangwa kavu mpaka ikawa ya kahawia, na karanga kwa wasio na mzio nazo.

Inayobaki, bandika karatasi ya nailoni juu yake igusane nayo, ndipo ufunike na mfuniko, isiote barafu. Wiki 2 inakaa bila kupoteza ladha. Umeme ukikatika ikayeyuka yote, usiigandishe tena. Kama bado ina ubaridi, mimina kwenye glasi, mnywe siku hiyo hiyo.