Umeumia au Umepotea Porini: Saa ya Kwanza na Usiku wa Kwanza

Habarini watazamaji. Mwenzangu ameshika kamera, mimi nimekaa hapa mtelemkoni na vitu sita mbele yangu: mfuko mkubwa wa taka, filimbi, kitambaa kipana, kisu kidogo, chupa ya maji na simu. Hakuna hema wala jiko. Leo nazungumza na mtu aliyetoka asubuhi kutembea akijua jioni atakuwa kwake, halafu mambo yakaenda kombo.

Hatua ya kwanza ni kukaa chini. Simaanishi utulize moyo tu, namaanisha makalio yaguse ardhi. Hivi. Mtu akigundua njia imempotea hushikwa na kiwewe, na kiwewe hukimbilia miguuni. Unataka kwenda, popote, ilimradi unakwenda. Yaliwahi kunikuta kwenye ukungu. Badala ya kukaa nikaongeza mwendo, na baada ya kama dakika 40 nikaona alama za viatu kwenye tope. Nikafurahi kweli, nikajua nimepata watu. Kuinama kutazama vizuri, soli ni yangu.

Wala si mimi peke yangu. Watafiti waliokuwa Ujerumani waliwafuatilia watu kwa GPS msituni na jangwani, wakachapisha matokeo mwaka 2009: jua au mwezi ulipoonekana, watu waliweza kushika mwelekeo; vilipojificha, walizunguka na kukata njia yao wenyewe huku wakiamini wamenyoosha. Kwa hiyo usiniambie wewe una hisia nzuri ya njia.

Ukiwa umekaa, kunywa mafunda mawili ya maji, tazama saa, ujiulize: mara ya mwisho nilipojua kwa hakika niko wapi ilikuwa dakika ngapi zilizopita? Kama ni 10, na njia uliyopita inaonekana nyuma yako, rudi taratibu huku ukivunja vijiti kuweka alama. Kama unabahatisha, basi umefika. Hapo ndipo utakapolala.

Isipokuwa mahali penyewe pawe pa hatari. Usilale kwenye bonde kavu la mto hata kama mchanga wake ni laini na anga ni jeupe, kwa sababu mvua inaweza kuwa imenyesha mbali usikoiona. Maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ukisikia ngurumo, hesabu sekunde tangu mwanga hadi mlio, ugawe kwa 3, unapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, radi inaweza kukufikia: shuka kutoka kileleni, kaa mbali na mti uliosimama peke yake, na kama mko wengi msijibane pamoja. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini, mguseni bila hofu. Kama hapumui, anzeni kumkandamiza kifua papo hapo.

Sasa damu, na hapa nitakaa kidogo. Sogeza kamera. Huu ni mkono wa mwenzangu, tuchukulie amejikata hapa chini ya kiwiko. Chukua kitambaa, usikiweke juu kama kifuniko cha chungu. Kisukumie ndani ya kidonda pale damu inapotokea. Weka kiganja juu yake, kiganja cha pili juu ya hicho, nyoosha viwiko, egemea kwa uzito wa mwili wako. Tazama mabega yangu yalivyo juu ya mkono wake. Halafu dakika 10 kwa saa, si kwa kukisia, na bila kuchungulia. Kila ukichungulia unavunja damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu na ukandamize zaidi.

Kama damu inaruka kwa mapigo na haikubali kutulia, na ni mkono au mguu, utaukaza kwa kitambaa. Kitambaa kiwe na upana wa vidole vitatu hivi. Kamba ya kiatu na waya havifai, vinakata nyama. Kizungushe sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, upande wa moyo, wala si juu ya kiungo kama goti au kiwiko. Funga fundo moja, laza kijiti juu yake, funga la pili, sasa zungusha kijiti. Zungusha. Mwenzangu anakunja uso, na mimi sijafika hata nusu. Kwa mgonjwa wa kweli utakwenda mpaka damu ikome, naye atapiga kelele, na wewe utaendelea. Funga kijiti kisijifungue, andika saa kwenye ngozi yake, kisha usikilegeze tena mpaka afike kwa wataalamu.

Mfupa ukivunjika, funga gango, yaani kijiti kigumu cha kuushikilia, linalovuka kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, kisha bonyeza ukucha wa kidole cha mwisho: weupe urudi kuwa wekundu ndani ya sekunde 2 hivi. Ukichelewa, umekaza mno. Nyoka akiuma, usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukata damu. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba, tuliza kiungo kilichoumwa, na mgonjwa asogee kidogo iwezekanavyo. Mwenzake ndiye aende kutafuta msaada.

Tuje kwenye usiku. Watu huogopa wanyama, kumbe anayewamaliza zaidi ni baridi, na baridi yenyewe si lazima iwe ya barafu. Nyuzi 10, nguo zimelowa, upepo unavuma, inatosha. Maji hupitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa, ndiyo maana nguo mbichi inakukausha joto la mwili. Tena baridi mbaya zaidi inatoka chini. Unaweza kujifunika mpaka pua, ardhi ikakunyonya joto usiku kucha mgongoni.

Kwa hiyo tandika kabla ya kujifunika. Majani makavu, nyasi, matawi membamba, rundika mpaka yafike magotini. Inaonekana ni mengi? Ngoja nilale. Umeona? Yameshuka mpaka shibiri moja, na hapa nyongani nahisi jiwe. Naongeza. Kipimo changu ni hicho tu, ukilala usihisi ardhi. Sasa mfuko wa taka: usitoboe katikati. Kata pembe moja ya chini, tundu la kutosha uso, kisha uvae kama joho. Uso ubaki nje daima, plastiki inaziba pumzi. Jaza majani makavu kati ya mfuko na nguo. Yanawasha, lakini utayavumilia.

Mwenzako akitetemeka, mwili wake bado unapigana. Hofu ianze akiacha kutetemeka bila kupata joto, maneno yakianza kumgongana mdomoni, au akianza kuvua nguo. Mvue zilizolowa, mkumbatie ndani ya vitu vikavu, mpe cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza. Usimsugue wala usimpe pombe.

Chakula? Sahau kwa leo. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, ila maji ni suala la siku chache. Ya mtoni chemsha mpaka yatokote kwa dakika 1, na ukiwa juu ya mita 2,000 iwe dakika 3.

Kuita msaada. Sauti yako itakauka upesi, filimbi haikauki. Puliza mara tatu, nyamaza dakika moja usikilize, rudia. Kioo cha simu kinarusha mwanga wa jua hata ikiwa imezimika: nyoosha mkono, fungua vidole viwili kama V, mweke unayemlenga katikati, kisha cheza na kioo mpaka mwanga uguse vidole vyote viwili. Ardhini, V kubwa ya mawe au nguo humwambia rubani unahitaji msaada, X unahitaji matibabu. Simu iweke kifuani ipate joto, modi ya ndege ikiwa imewashwa. Ukiifungua, tuma meseji kwanza. Meseji hupenya pale sauti inaposhindwa. Nambari 112 hufanya kazi katika nchi nyingi.

Najua kuna atakayeniuliza kuhusu Juliane Koepcke. Desemba 1971 ndege yao ilipigwa na radi juu ya msitu wa Peru, akaanguka kama mita 3,000 akiwa amefungwa kwenye kiti, umri wake miaka 17. Yeye alitembea, akafuata kijito, siku ya 11 akakutana na watu. Ni kweli. Lakini alisikia ndege za kutafuta zikipita juu ya miti zisimwone, na alikuwa ameishi msituni na wazazi wake watafiti. Alikuwa na sababu ya kuondoka. Kama una sababu kama hiyo, nenda mchana, acha mshale wa mawe na ujumbe. Kama sababu ni kuchoka kusubiri, kaa.

Jambo la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza, lakini linafanywa nyumbani. Mwaka 2003 Aron Ralston aliingia peke yake kwenye korongo huko Utah, Marekani, jiwe likambana mkono. Hakuwa amemwambia mtu anakwenda wapi. Baada ya siku tano alijikata mkono ili atoke. Andika kikaratasi: naanzia wapi, napita wapi, nikizidi saa fulani piga simu.

Haya, tazama mkono wangu. Nanyoosha, naweka vidole chini ya jua mpaka kwenye upeo. Kidole kimoja ni kama robo saa. Vimeingia vinne. Tuna saa moja ya mwanga na kitanda cha mwenzangu bado ni kijiwe kitupu, kwa hiyo weka kamera chini, tukaokote majani.