Kwa Nini Kombe la Afrika la Mpira wa Mikono Halijawahi Kushuka Kusini

(Mhadhara kwa walimu wa michezo na wanachuo, Manispaa ya Tabora, mwishoni mwa mwaka 2025)

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Walimu wenzangu, wanachuo, na wazee wetu mliokuja kutusikiliza, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie mashindano ya Afrika ya mpira wa mikono kwa timu za taifa za wanaume. Nimeipokea mada hii kwa furaha kubwa. Ni mchezo nilioufundisha kwa muda mrefu, nao katika redio na magazeti yetu hupata mistari miwili, tena chini kabisa, baada ya habari za Simba na Yanga kwisha.

Mashindano haya yalianza mwaka 1974 jijini Tunis, mwaka mmoja baada ya shirikisho la Afrika la mchezo huu kuundwa Lagos. Tangu hapo hadi mwaka 2024 kule Cairo yamechezwa mara 26. Tunisia imechukua kombe mara 10, Misri mara 9, Algeria mara 7. Jumlisheni wenyewe. Kumi ukiongeza tisa ni kumi na tisa, ukiongeza saba ni ishirini na sita. Hakuna lililobaki. Angola hawana hata moja, Kamerun hawana, Senegali hawana. Mashindano yamepelekwa Brazzaville, yamepelekwa Luanda, Abidjan, Cotonou, Afrika Kusini, Libreville, na kila mara kombe limepanda ndege kurudi kaskazini mwa Sahara. Waliokaribia zaidi miaka ya karibuni ni Cape Verde, nchi ya visiwa yenye watu kama nusu milioni, waliofika fainali mwaka 2022 na kufungwa na Misri.

Sasa, mkiuliza mtaani kwa nini iko hivi, mtaambiwa wale wenzetu wana miili. Ni warefu, ni wazito, sisi tutawaweza wapi. Hata walimu wanasema hivyo, na mwalimu akishasema hivyo mbele ya watoto, kazi imeisha. Mimi jibu hilo silikubali. Waangalieni wanawake wa Angola. Kombe la Afrika la wanawake wamelitwaa zaidi ya mara kumi, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 walifika robo fainali. Angola haiko kaskazini mwa Sahara. Kwa hiyo jambo si umbo la mtu wala ramani.

Ushahidi wa pili naupenda zaidi, nao unatoka kwa hao hao wa kaskazini. Kati ya mwaka 1981 na 1989 Algeria ilitwaa kombe la Afrika mara tano mfululizo. Sehemu kubwa ya kipindi hicho kocha wao alikuwa Mohamed Aziz Derouaz. Naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo palipo na somo lote la mchezo huu.

Uwanja una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Kila timu ina watu saba, mmoja golikipa. Mbele ya goli kuna mstari wa mita sita, na ndani yake anakaa golikipa peke yake. Ukiwa na mpira mkononi unaruhusiwa hatua tatu na sekunde tatu, basi, uudunde, upige au utoe. Ulinzi uliozoeleka ni mabeki sita kujipanga bega kwa bega kwenye ule mstari wa mita sita na kunyanyua mikono. Ulinzi huo unawafaa warefu. Timu za Ulaya zilikuwa na wapigaji wa karibu mita mbili, wanaruka kutoka mita tisa na kupiga juu ya vidole vya mabeki. Ukiwa na mabeki wafupi ukawapanga pale nyuma, umewakaribisha wafunge.

Derouaz aliona kwamba wachezaji wake hawatarefuka. Akawasogeza mbele. Watatu wakapanda hadi mita tisa na kupita, watatu wakabaki nyuma yao. Yule mpigaji mrefu sasa anapokea mpira na papo hapo kuna mtu kifuani mwake. Hana nafasi ya kupiga zile hatua tatu, na bila hatua tatu hawezi kuruka. Anatafuta mtu wa kumpa pasi, njia ya pasi nayo ina mkono wa mtu. Mpira ukinaswa, ni mbio moja kwa moja hadi goli la pili, na jitu lile la mita mbili linakimbizana na kijana mwepesi wa kilo 75. Wazungu walisumbuka sana na ulinzi ule, na hadi leo makocha wanausoma.

Lakini ulinzi huo una gharama yake, na ndiyo ninayotaka muishike. Ukipanda mbele, nyuma yako panabaki pengo. Mwenzako akipitwa, wewe ndiye wa kuliziba, kabla hujaitwa. Hakuna muda wa kupigiana kelele. Hilo halifundishwi kwa wiki mbili za kambi. Wanaoliweza ni watu waliocheza pamoja miezi na miaka, wenye pumzi ya kukimbia vipindi viwili vya dakika 30 bila kulegea.

Hiyo miezi na miaka wenzetu wanaipata wapi? Wanaipata kwenye klabu. Al Ahly na Zamalek mnawajua. Mnawajua kwa sababu wanakuja Dar es Salaam kupambana na Simba na Yanga na sote tunakaa kwenye vibanda kuwaangalia. Espérance ya Tunis mnaijua, Étoile du Sahel mnaijua. Klabu hizo hizo zina timu za mpira wa mikono, na chini ya timu ya wakubwa kuna timu za vijana, na chini ya vijana kuna watoto. Mchezo wa Ahly na Zamalek wa mpira wa mikono unagombewa kama ule wa miguu. Mtoto wa Cairo anaingia klabuni akiwa mdogo, anacheza ligi ya umri wake, anapanda ngazi. Fikirini Simba na Yanga zingekuwa hivyo. Naliomba jambo hili kwa dhati kabisa: klabu zetu kubwa ziwe nyumba ya michezo mingi, fedha za soka zisaidie na kiwanja cha mpira wa mikono.

Matunda yake yanaonekana. Misri ilikuwa bingwa wa dunia wa vijana mwaka 1993, na mwaka 2019 vijana wao wa chini ya miaka 19 wakaifunga Ujerumani kwenye fainali ya dunia. Wakubwa wao waliitoa Ujerumani 31 kwa 26 kwenye robo fainali ya Olimpiki ya Tokyo na kumaliza wa nne. Januari mwaka huu, robo fainali ya dunia, walikuwa sare na Ufaransa hadi sekunde za mwisho kabisa, Luka Karabatic akafunga, 34 kwa 33. Niliposikia matokeo hayo niliumia kama Mmisri.

Iko njia nyingine, ya kukusanya wachezaji wenye asili ya nchi yako walioko Ulaya. Cape Verde wamenufaika nayo kupitia klabu za Ureno. Jirani zetu wa ng'ambo ya Tanganyika, Kongo, walicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2021 kule Misri, na mmoja wao, Gauthier Mvumbi, mchezaji mzito wa katikati aliyekuwa akicheza madaraja ya chini Ufaransa, alijulikana dunia nzima ndani ya siku chache. Ni njia halali. Ila Tanzania haina watoto wengi kwenye klabu za Ufaransa au Ureno, kwa hiyo siipi muda zaidi.

Turudi nyumbani. Mwaka 2022 UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya taifa ya shule za msingi na sekondari, zilifanyika hapa hapa Tabora. Wengi wenu mlikuwepo. Mpira wa mikono ulichezwa, wavulana na wasichana, na vipaji mliviona. Katika miaka hii ya shule nilipata kumwona kijana wa kidato cha pili, wa mkono wa kushoto, anacheza winga ya kulia. Walimu wa soka hawatajua thamani yake, ngoja nieleze. Winga wa kulia anayetumia mkono wa kulia anaruka kutoka kwenye kona huku mkono wa kupigia uko upande wa mstari wa nje. Golikipa anasogea hatua moja tu na goli linafungwa. Wa mkono wa kushoto, akiruka kutoka kona ile ile, mkono wake unaingia ndani, mbele ya goli, na kila anavyokaa hewani ndivyo goli linavyofunguka. Kijana yule alikuwa anaruka, anasubiri golikipa atangulie kushuka, halafu anauzungusha mpira kwa kiganja na kuupitisha pembeni mwa goti lake. Hakuna aliyemfundisha. Timu za taifa zinawatafuta watu wa namna hiyo kwa tochi. Alimaliza kidato cha nne, hakuwa na klabu ya kwenda, na mchezo wake ukaishia pale.

Hapo ndipo tunapoangukia. Tunacheza wiki chache kabla ya mashindano ya wilaya, tunakwenda mkoani, tunakwenda taifa, kisha mpira unarudi stoo. Mkulima wa tumbaku wa Urambo anaelewa haraka kuliko sisi: kitalu ukikiacha bila maji, usitegemee cha kuhamishia shambani.

Rwanda, nchi ndogo kuliko huu mkoa wetu, wamekwenda kwa mpangilio. Mwaka 2023 vijana wao wa chini ya miaka 19 walicheza Kombe la Dunia la umri huo kule Kroatia. Mwaka 2024 wakubwa wakaenda Cairo kwenye mashindano ya Afrika. Na Januari 2026 wao ndio wenyeji, Kigali, mara ya kwanza kwa mashindano haya kufika Afrika Mashariki. Vijana wametangulia, wakubwa wakafuata.

Kwetu hapa naomba tuanze na Jumamosi. Ligi ya kata, kuanzia Julai mashindano ya shule yakiisha, hadi mvua za Novemba. Wahitimu wa kidato cha nne wachanganywe na wanafunzi, maana hao ndio tunaowapoteza. Goli ni mita tatu kwa mita mbili. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza akipewa vipimo. Ardhi ngumu iliyosawazishwa inatosha kwa kuanzia, ingawa saruji ni bora, mpira unadunda kwa uhakika na mtoto haogopi kuuweka chini. Na mpira wenyewe, walimu, naomba sana: msimpe mtoto wa darasa la sita mpira wa wanaume wenye mzunguko wa sentimita 58 hadi 60. Kiganja chake hakiukamati. Anajifunza kuusukuma kwa mikono miwili, na tabia hiyo haimtoki tena. Ipo mipira midogo, ya sentimita 50 hadi 52. Mkinunua mmoja tu, nunueni huo.

Kigali si mbali. Nzega, Kahama, Nyakanazi, Rusumo, umefika. Tukichanga, basi dogo la walimu linakwenda na kurudi. Atakayekwenda aketi juu, upande wa mabenchi, na timu za kaskazini zikicheza asifuate mpira. Amwangalie yule beki ambaye kazi yake ni ulinzi peke yake. Timu yake ikipata mpira anakimbilia benchi, mwenzake wa kushambulia anaingia. Wakiupoteza, anarudi ndani kabla wapinzani hawajavuka katikati. Aandike anatoka upande gani, anaingia kwa nani, na nani anaziba nafasi yake kama amechelewa. Daftari hilo ndilo tutakaloanza nalo mazoezi ya Julai. Ahsanteni sana, karibuni kwa maswali.