Kuanza Ufundi wa Kompyuta na Mitandao kwa Kujitegemea

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi vijana mnaomaliza mafunzo ya ufundi wa kompyuta hapa Dar es Salaam, nawashukuru kwa kunialika. Wengi wenu mmeuliza kuhusu mtaji na vifaa. Seti nzuri ya bisibisi, maltimita (kipima umeme), brashi, flashi yenye programu za kusakinisha, diski ya nje ya kuhifadhia nakala, koleo la kubania vichwa vya kebo na kipima kebo vinatosha kuanza; fremu ya duka inaweza kusubiri. Namba ya mlipakodi mtaipata Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), jina la biashara husajiliwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), leseni ya biashara hutolewa na halmashauri, na anayekusudia kufunga mitandao awaulize Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) mapema ni leseni gani inayomhusu. Nataka muda uliobaki tuutumie kuzungumzia namna ya kuipokea mashine ya mtu, kwa sababu hapo ndipo fundi mgeni mtaani anapoaminika au anapokimbiwa.

Mteja akileta kompyuta mpakato, jaribuni kuiwasha mbele yake. Andikeni kwenye daftari lenye nakala aina ya mashine na namba yake, ukubwa wa diski na wa memori (RAM), hali ya kioo, bawaba na kibodi, kama chaja imeletwa au la, na maelezo ya tatizo kwa maneno ya mteja mwenyewe. Kisha atie saini na aondoke na nakala yake. Watu wamekwishasikia habari za memori iliyoingia kwa fundi ikiwa gigabaiti 8 ikatoka ikiwa 4, na wana haki ya kuwa na wasiwasi. Karatasi hiyo hiyo itawalinda na ninyi siku mtakapodaiwa ufa wa kioo uliokuwepo tangu mwanzo.

Kabla ya kutaja bei, mwulizeni mteja ni mafaili gani hayapaswi kupotea. Diski inayotoa sauti ya kugongagonga haifai kupewa ukaguzi wa saa nyingi, wala kusakinishiwa Windows upya, kwa kuwa kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho: kwanza nakilini kinachonakilika. Inaniuma sana kumwona mwenye duka aliyepoteza hesabu zake zote kwa sababu tu fundi aliona kusakinisha upya ndiyo njia ya haraka. Tena mafaili hayo si yenu. Picha za familia, barua za ofisi na taarifa za benki hazifunguliwi kwa udadisi, na nywila ya mteja haibandikwi juu ya mashine. Zaidi ya kuwa jambo la heshima, ni jambo la kisheria pia: someni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tozeni ada ya uchunguzi, hata ikiwa ndogo, na mwambieni mteja mapema kwamba atailipa hata asipokubali bei ya matengenezo. Mashine isiyowaka isihukumiwe kuwa imeungua ubao mama, yaani ubao mkuu wa saketi ndani yake, kabla chaja yake haijapimwa kama inatoa volti zilizoandikwa juu yake, ambazo mara nyingi ni 19, na kabla memori haijachomolewa na kurudishwa. Huku kwetu pwani unyevu na chumvi huchakaza shaba, kwa hiyo mara nyingine kusafisha tu miguu ya memori huirudisha mashine iliyodhaniwa imekufa. Fundi asiyetoza uchunguzi huishia kutafuta faida kwenye spea, na hapo ndipo anaposhawishika kubadilisha kifaa kizima.

Kwenye mitandao, anzeni na kebo. Baadhi ya kebo za bei ya chini zina nyuzi za alumini zilizopakwa shaba. Kwangua uzi kwa wembe, na ukiona weupe chini ya wekundu, usiifunge kwenye ofisi ya mtu, maana hukatika upesi na hupoteza umeme njiani inapotumika kuendesha kamera. Kipande kimoja kisizidi mita 100, na vichwa vya pande zote mbili vifuate mpangilio uleule wa rangi. Ofisi ikilalamika kwamba baadhi ya kompyuta hupata intaneti na nyingine hazipati, tazameni kama kuna mtu aliyechomeka rauta yake binafsi, yaani kifaa kinachogawa intaneti, ikaanza kuzipa kompyuta anwani zake za mtandao kabla ya rauta ya ofisi.

Kazi ikikamilika, kila kebo iwe na namba kwenye ncha zote mbili, na ndani ya kabati la swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, muache mchoro wenye namba hizo, mahali zinapoelekea na anwani za vifaa. Nywila ya rauta akabidhiwe mwenye ofisi ndani ya bahasha, ili hata akiamua kumwita fundi mwingine kesho, kazi iendelee bila ninyi kutafutwa.