Kupiga picha ya mpangilio wa seli za misuli ya moyo kwa MRI

Karibuni tena. Leo ni kazi ninayoipenda kuliko zote hapa maabara: kuona kwa MRI, yaani mashine ya kupiga picha kwa sumaku, seli za misuli zimelalaje ndani ya ukuta wa moyo, bila kukata hata kipande. Siri yetu ni maji. Molekuli za maji husambaa kwa wepesi kufuata urefu wa seli kuliko kuikatisha ubavuni. Tukijua maji yanaelekea wapi, tumejua seli imelala vipi.

Huu ni moyo wa kondoo, umeshakaa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, na umeoshwa kwa bafa, myeyusho unaotuliza kiwango cha asidi. Kuosha sioneshi, ila msikuruke, maana formalini iliyobaki inafifisha picha. Glavu muda wote.

Haya, sogeeni hapa. Chombo kina Fomblin, mafuta yasiyo na haidrojeni, kwa hiyo kwenye picha yatakuwa meusi na moyo utabaki peke yake. Zamisha moyo taratibu, ncha chini, matundu ya mishipa juu, hewa ipate pa kutokea. Taratibu! Mafuta haya ni mazito kuliko maji, moyo utaelea, kwa hiyo ubane kwa kipande cha plastiki. Chuma kisikaribie kabisa.

Ngoja. Leteni kamera karibu, hapa ndani ya ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo. Mnakiona kile kiputo, kimejificha nyuma ya msuli wa vali? Hicho ndicho adui. Hewa hupotosha uga wa sumaku, na picha itapinda pale pale unapotaka kupima. Inamisha chombo, gusa kwa mrija laini... kimetoka. Inamisha tena upande wa pili. Kikitoka kimoja, tafuta kingine. Usifunge kifuniko kabla hujakagua ventrikali zote mbili.

Kwenye mashine: picha moja bila gradienti za usambaaji, yaani mabadiliko ya uga wa sumaku yanayopima mwendo wa maji, kisha picha zenye gradienti hizo katika mielekeo isiyopungua 6. Mimi napenda 30, vipimo vinatulia zaidi. Thamani ya b, kipimo cha nguvu ya gradienti hizo, weka 1000. Moyo ukae kwanza ndani ya mashine hadi joto litulie, kwa sababu maji yakipata joto husambaa kwa kasi zaidi.

Programu itakokotoa tensa, yaani namba zinazoeleza maji yanasambaa kiasi gani kila upande, kwa kila vokseli, kile kichemba kidogo cha picha; bonyeza tu. Tunachotaka ni vekta kuu, mwelekeo ambao maji husambaa zaidi, kisha pembe ya mzunguko, yaani seli imeinama kiasi gani ikizunguka ukuta wa moyo. Tazameni rangi zinavyobadilika: upande wa ndani wa ukuta karibu digrii +60, katikati sifuri, upande wa nje karibu -60. Streeter na wenzake walilionesha hilo mwaka 1969 kwa kukata mioyo ya mbwa tabaka kwa tabaka. Sisi tumelipata moyo ukiwa mzima, na kila nikiliona hunifurahisha upya.

Ukiona ndani ni hasi na nje ni chanya, usitangaze ugunduzi. Kagua jedwali la mielekeo, orodha ya mielekeo ya gradienti tuliyotumia; kwa kawaida alama ya kujumlisha au kutoa ya mhimili mmoja imegeuzwa.

Tena, mistari tutakayochora sasa kwa kufuata vekta hizo si seli moja moja. Seli ina urefu wa takriban mikromita 100, na vokseli ya nusu milimita hubeba maelfu yake. Unachoona ni wastani. Haya, chagueni ukuta wa ventrikali ya kushoto, bonyezeni kuchora, na mkihifadhi picha, hifadhini na jedwali la mielekeo kwenye folda hiyo hiyo.